Mtoto Mchanga Mwenye Hemofilia Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara: kwenye benchi la kliniki, kwenye simu za usiku, na sebuleni jamaa wanapokuja kumtazama mtoto. Ninayajibu nikiwa mama wa mvulana mwenye hemofilia kali, anayelelewa hapa hapa Mombasa. Mengi ni yale ambayo madaktari na wauguzi wametufundisha sisi wazazi hadi yakatuingia.

Ikiwa mtoto wako amegonga kichwa sasa hivi, usiendelee kusoma. Mchukue, na dawa yake kama ipo nyumbani, muende hospitali.

## Kuuelewa ugonjwa

Hemofilia ni nini hasa?

Damu ya kila mtu ina protini zinazopokezana kazi ili kidonda kizibe. Huitwa faktori na zimepewa namba. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na faktori ya 8, mwenye hemofilia B amepungukiwa na ya 9. Aina A ndiyo inayoonekana zaidi: huzaliwa nayo takriban mvulana 1 kati ya 5,000. Aina B ni nadra zaidi.

Mtoto huyu havuji damu kwa kasi kuliko wenzake, ila anavuja kwa muda mrefu. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo wa ngozi si wa kukutoa roho. Ukibanwa vizuri hunyamaza. Kinachotisha ni damu inayovujia ndani: kwenye goti, kifundo cha mguu na kiwiko, kwenye misuli, na zaidi ya yote kichwani.

Je, ni sawa na selimundu?

Hapana. Selimundu, ambayo huku pwani tunaijua sana, ni kasoro ya chembe nyekundu, na mtoto huugua akirithi jeni kwa wazazi wote wawili. Hemofilia haihusu chembe nyekundu. Mtoto hana upungufu wa damu mpaka avuje nyingi, kwa hivyo kumnywesha dawa ya kuongeza damu bila kupimwa hakumsaidii.

Kwetu hakuna aliyewahi kuugua. Imetoka wapi?

Karibu theluthi moja ya watoto hawa huzaliwa katika familia zisizo na historia yoyote ya ugonjwa. Jeni imebadilika yenyewe. Lakini kabla hujasema hakuna, ulizia upande wa mama: kuna mjomba aliyefariki baada ya jando? Kuna babu aliyekuwa na magoti mabovu tangu utotoni? Mara nyingi wazee wanakumbuka, ila hawakujua ulikuwa ugonjwa gani.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Mama anayeibeba akipata mvulana, uwezekano wa mtoto kuugua ni nusu kwa nusu. Akipata binti, uwezekano wa binti kuibeba ni nusu kwa nusu. Baba mwenye hemofilia hawarithishi wanawe wa kiume, lakini mabinti zake wote huibeba.

Nawaambia wazi akina baba na akina mavyaa: hakuna mama aliyechagua kromosomu. Nimeona ndoa zikitikiswa na neno moja tu, "umetuletea". Badala ya kumlaumu, mpelekeni naye apimwe kiwango chake cha faktori, kwa sababu baadhi ya wanawake wanaobeba jeni hii huvuja damu kupita kiasi kwenye hedhi na baada ya kujifungua. Dada zake nao wapimwe.

Jamaa wanasema ni jicho, au amerogwa. Niwajibu nini?

Msomeeni mtoto dua, haina ubaya. Kisha waambie kwamba Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia, aliandika takriban miaka 1,000 iliyopita kuhusu wanaume wa kijiji kimoja waliokuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya majeraha madogo. Jibu hili limewatuliza wazee wengi kuliko picha za kromosomu.

Karatasi ya maabara imeandikwa asilimia. Inamaanisha nini?

Ni kiwango cha faktori ikilinganishwa na mtu wa kawaida. Chini ya asilimia 1 ni hemofilia kali, na mtoto anaweza kuvuja hata bila kuumia. Asilimia 1 hadi 5 ni ya wastani. Zaidi ya 5 hadi 40 ni hafifu. Huyo anaweza kukaa miaka bila dalili mpaka siku ya operesheni au kung'olewa jino.

Faktori ya 9 huwa chini kwa kawaida kwa kila mtoto mchanga. Kwa hivyo mtoto aliyeambiwa ana hemofilia B hafifu arudiwe kipimo akishatimiza miezi 6. Faktori ya 8 haina utata huo.

Inapona?

Ni ya maisha. Tiba ya jeni iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2022, lakini kwa watu wazima. Anachohitaji mtoto wako leo ni dawa ya kinga inayopatikana kwa wakati, na wanaomlea wanaojua la kufanya.

## Nyumbani

Naogopa hata kumshika. Nimbebe vipi?

Mshike, mbusu, mfunge mbeleko, mwogeshe kama mtoto yeyote. Usimnyanyue kwa mkono mmoja wala usimrushe juu. Nguo za mpira wa kubana na nyuzi za mkononi zilegezwe.

Mtoto wa Mombasa halelewi na mama peke yake. Ana bibi, shangazi, mama wadogo, yaya, na jirani anayempokea mlangoni kabla hujavua viatu. Kila mmoja wao ajue mambo matatu: jina la ugonjwa, dawa zisizofaa, na namba ya simu ya kupiga. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani karibu na friji. Usitegemee kwamba baba atawaeleza.

Mkunga anataka kumkanda. Nikatae?

Kumpaka mafuta ya nazi na kumpapasa polepole, sawa. Kumvuta viungo, kukutanisha mkono na mguu mgongoni, kumning'iniza kichwa chini, kumfinyanga kichwa na pua ili vikae vizuri, hapana, hata mara moja. Misuli na viungo vinaweza kuvuja ndani na usione kitu mpaka usiku.

Huwa ni vigumu kumwambia mama mtu mzima aliyekanda watoto wa mtaa mzima. Mwite akae, mwonyeshe karatasi ya daktari, umwombe abaki na kazi ya kumwogesha na kumpaka mafuta. Wengi hukubali wakiona hawakufukuzwa.

Anaanza kutambaa. Nyumba niipange vipi?

Piga magoti, utambae mwenyewe sakafuni uone anachokiona yeye. Jikoni utakutana na mbuzi ya nazi iliyoegemezwa ukutani, meno yake yakiwa usawa wa uso wa mtoto. Iwekwe juu ya kabati kila baada ya kukuna. Pembe za meza zifungwe sponji au vitambaa. Kwenye sakafu ya saruji tandika mkeka, na juu yake godoro jembamba mahali anapochezea. Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi za wima sana; wekeni kizuizi juu na chini. Vigari vya kujifunzia kutembea acha kabisa, huanguka navyo vibaya.

Zaidi ya hapo mwache atambae. Misuli yenye nguvu hulinda viungo, na mtoto aliyefungiwa mapajani mwa mama huwa mdhaifu.

Ana alama za bluu mwilini na majirani wanadhani anapigwa.

Mara nyingi huanza mbavuni na kwapani, pale vidole vinapomshika akinyanyuliwa, na kuongezeka akianza kutambaa. Alama ndogo isiyouma wala kukua haihitaji dawa. Inayokua, iliyo ngumu au inayomliza, mpeleke.

Omba barua kliniki yenye jina la mtoto, ugonjwa, ukali wake na dawa yake. Iweke nakala kwenye kijitabu cha kliniki na picha yake kwenye simu. Itakusaidia kwa majirani, kwa daktari asiyekujua, na kwa yeyote atakayeuliza maswali ya kisheria.

Meno yakiota atavuja damu?

Kuota kwenyewe kwa kawaida hakuleti shida. Kinachosumbua ni akianguka na kuchana kile kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Damu huchuruzika polepole kwa siku kadhaa, mtoto anaimeza, kisha anatapika damu au kinyesi kinakuwa cheusi. Usingojee. Hospitali wanaweza kumpa asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda mdomoni isiyeyuke. Dawa hiyo isitumike ikiwa kuna damu kwenye mkojo.

Kuna chakula kinachoongeza faktori?

Hakuna. Mnyonyeshe kama kawaida; maziwa ya mama hayana dhara lolote kwa ugonjwa huu. Akianza kula, mchicha, maharagwe na samaki humpa madini ya chuma, na hilo ni jema kwa mtoto anayepoteza damu, lakini hakuna mboga itakayosimamisha goti linalovuja.

## Chanjo, tohara na vyembe

Apate chanjo au asubiri?

Apate zote, kwa wakati. Matone ya polio na ya rota hayana sindano. BCG, ile ya kifua kikuu, huchomwa ndani ya ngozi, na ya surua na rubela chini ya ngozi. Za kuangaliwa ni zile za pajani za wiki ya 6, 10 na 14. Mwambie nesi kabla hajafungua kichupa kwamba mtoto ana hemofilia. Aombwe kutumia sindano nyembamba, kisha pamba ibanwe pale pale, bila kusugua, kwa dakika zisizopungua 5, ikiwezekana 10. Kitambaa chenye barafu kuwekwa kabla husaidia.

Kuna wazazi waliorudishwa nyumbani bila chanjo kwa sababu nesi aliogopa. Ukirudishwa, piga simu kliniki yenu ya hemofilia waongee naye. Moja ya kinga zilizo ndani ya chanjo ile ya pajani ni ya homa ya ini aina ya B, na mtoto atakayehitaji bidhaa za damu anaihitaji zaidi ya wengine.

Tohara je? Tulipanga siku ya 7.

Ahirisheni. Tohara ndiyo inayofichua hemofilia kwa wavulana wengi, na wengine haikuwaacha hai. Haijakatazwa, lakini ifanywe hospitali, na daktari anayejua ugonjwa huu, mtoto akiwa ameshachomwa faktori, dawa ya mshipa inayofidia protini aliyopungukiwa, kabla ya kisu na nyingine ipo ya siku zinazofuata mpaka kidonda kipone. Kama dawa ya kutosha haipo mkononi, subirini. Ngariba wa nyumbani hapana, hata awe na mkono mwepesi namna gani.

Akika haizuiwi. Nywele zinyolewe kwa mashine badala ya wembe. Kuhusu kuchelewesha tohara, zungumzeni na imamu wenu mkiwa na barua ya daktari. Mtoto mgonjwa ana udhuru, na sijaona shekhe aliyesoma barua ile akalazimisha kisu.

Mtoto anakohoa, bibi anasema akakatwe kimeo.

Swali hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kukata kimeo ni hatari kwa mtoto yeyote. Kwa mwenye hemofilia ni kumwua. Kidonda kiko kooni, hakibaniki, na damu inaweza kuziba njia ya hewa. Wanaofanya kazi hiyo huifanya kwa dakika chache ukiwa sokoni. Kwa hiyo mazungumzo na bibi yafanyike kabla kikohozi hakijaanza, na baba awepo.

Vivyo hivyo kuchanjwa chale, kupigwa chuku, na kung'olewa kile kinachoitwa meno ya plastiki.

Akiwa na homa au maumivu nimpe nini?

Parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini, ibuprofeni (hata kama chupa imeandikwa Brufen) na diklofenaki hapana, kwa sababu zinadhoofisha chembe sahani, ambazo ndizo za kwanza kufika kwenye kidonda. Duka la dawa mtaani huuza dawa za mchanganyiko. Soma chupa, au mpigie simu nesi. Sindano za msuli za homa zikataliwe, aombewe dawa ya kunywa au ya mshipa.

## Damu inapovuja

Hajui kusema. Nitajuaje kama anavuja ndani?

Mwangalie anapobadilishwa nepi. Mtoto anayelia mguu mmoja ukinyanyuliwa, anayeukunja na kukataa kuunyoosha, au anayetambaa akiburuta upande mmoja, ana jambo. Linganisha magoti mawili kwa mgongo wa kiganja: lenye joto au lililovimba ndilo. Mkono usiochukua kitu alichokuwa akikipenda, hivyo hivyo.

Usingoje uvimbe uonekane. Damu ndani ya kiungo hula gegedu, na kiungo kilichovuja mara nyingi huharibika kwa maisha. Ukishuku, tibu.

Amegonga kichwa lakini anacheza vizuri. Nisubiri?

Usisubiri. Damu ndani ya kichwa inaweza kuchelewa kuonyesha dalili kwa saa nyingi, hata siku. Dawa kwanza, picha baadaye: faktori itolewe mara moja, kisha ndiyo siti skani na maswali mengine. Ukifika kasualti sema sentensi hii tangu mlangoni: "Ana hemofilia, amegonga kichwa, anahitaji faktori sasa." Onyesha barua. Daktari kijana asiyewahi kuona ugonjwa huu atataka kupima kwanza. Kwa heshima, mwombe ampigie daktari wa kliniki huku dawa ikichanganywa.

Kuanguka kitandani hadi sakafuni kunahesabika. Na mtoto anayetapika, asiyeamka vizuri, anayekataa titi, aliyevimba utosi, anayelia kilio kisicho chake au aliyepata degedege, apelekwe hata kama hakuna aliyemwona akianguka.

Niende wapi?

Kwa hapa Mombasa, anza na Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara. Uliza idara ya watoto, jina la mtoto liingie kwenye rejista ya hemofilia. Sehemu kubwa ya faktori inayotumika hospitali za umma Kenya ni msaada unaopitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, WFH, na mtoto asiyeandikwa hahesabiwi dawa inapoombwa. Nairobi kuna Kenyatta, Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi, na chama cha wagonjwa cha Jose Memorial Haemophilia Society kinawafahamu wazazi wengi nchini. Mwandikishe pia SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Anayeishi Likoni au Diani apange njia mbili kabla ya dharura, feri na barabara ya Dongo Kundu, na awe na namba ya dereva wa tuktuk au teksi anayepokea simu usiku wa manane.

Na ikiwa hospitali ya karibu haina faktori?

Kwa hemofilia A wanaweza kutumia kraiopresipiteti, inayotengenezwa kutokana na plazma (yale maji ya damu) na yenye faktori ya 8. Haina faktori ya 9, hivyo mwenye hemofilia B hupewa plazma yenyewe. Damu nzima huongeza damu iliyopotea lakini haileti faktori ya kutosha. Hizi ni za kumshikilia njiani. Mwombe daktari apige simu ya rufaa wakati huo huo.

## Dawa yenyewe

Faktori hutolewaje, na niihifadhi vipi kwenye joto letu?

Hutolewa kwenye mshipa, kwa uzito. Kila yuniti moja kwa kilo hupandisha faktori ya 8 kwa takriban asilimia 2, na ya 9 kwa takriban asilimia 1, kwa hivyo mtoto apimwe kila kliniki. Kipimo cha miezi mitatu iliyopita hakimtoshi. Faktori ya 8 hupungua kwa nusu ndani ya saa 8 hadi 12, kwa watoto wadogo hata mapema zaidi, na ya 9 ndani ya saa 18 hadi 24.

Ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8, katikati ya friji. Isiwe mlangoni wala karibu na freeza, kwani ikiganda imeharibika. Boksi huonyesha kama inaweza kukaa nje, kwa nyuzi ngapi na muda gani, lakini sebule ya Majengo mwezi wa Machi hupita nyuzi 30 bila taabu, kwa hiyo ruhusa hiyo isikudanganye. Stima ikipotea usifungue friji.

Nimesikia kuna sindano ya chini ya ngozi.

Ipo, emicizumab, kwenye boksi imeandikwa Hemlibra. Ni ya hemofilia A peke yake. Baada ya wiki 4 za mwanzo za kila wiki, huweza kutolewa kila wiki, kila wiki 2 au kila wiki 4. Kwa mtoto ambaye mishipa haionekani ni faraja kubwa, nami naona kila mzazi wa hemofilia A kali aiulizie kliniki. Ni ya kinga, haisimamishi damu iliyokwisha kuanza. Akigonga kichwa bado anakwenda hospitali. Waambie pia maabara kwamba anaitumia, maana hubadilisha majibu ya kipimo cha kuganda damu.

Inhibita ni nini?

Ni kingamwili ambazo mwili hutengeneza kuipinga faktori iliyoletwa kutoka nje. Hutokea kwa takriban watoto 3 kati ya 10 wenye hemofilia A kali, zaidi ndani ya siku 50 za kwanza za kupewa dawa. Ukiona dawa iliyokuwa ikifanya kazi haimsaidii tena, omba kipimo. Kwa hemofilia B ni nadra, lakini huweza kuja na mzio mkali, ndiyo maana dozi zake za mwanzo hutolewa hospitali.

## Hali zisizo za kawaida

Wetu ni msichana. Inawezekana?

Inawezekana, ingawa kwa uchache. Msichana anayevuja damu ya pua au ya fizi apimwe pia ugonjwa wa von Willebrand, unaowapata wavulana na wasichana sawa. Kutoga masikio kusubiri majibu, na kisha kufanywe kwa ushauri wa kliniki.

Nina mimba nyingine.

Sema kwenye kliniki ya wajawazito siku ya kwanza, na ujifungulie hospitali yenye daktari wa upasuaji. Mtoto asivutwe kwa koleo wala kwa kifaa cha kunyonya kichwa. Damu ya kitovu ichukuliwe hapo hapo kwa kipimo, na mvulana asichomwe sindano ya msuli isiyo ya lazima kabla ya majibu. Wewe mwenyewe uangaliwe kwa siku kadhaa, kwa sababu faktori iliyopanda wakati wa mimba hushuka baada ya kujifungua.

Tunasafiri kwenda Lamu au mashambani Kwale. Tubebe nini?

Dawa kwenye boksi la baridi, barafu ikiwa imezungushiwa kitambaa isiguse chupa, barua ya kliniki, parasetamoli yake, na namba ya daktari iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji. Jua mapema hospitali ya rufaa iko wapi na mashua ya mwisho huondoka saa ngapi. Na ukifika, kabla ya kukaribishwa chai, waonyeshe wenyeji ile karatasi ya mambo matatu.